Umeupata kwa nani?

Nilijua Mama anaumwa nilipomwona anaikwepa kanga yake mwenyewe. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2019, kumi la kwanza, masika yamekolea, nami nimeingia kwake Ngamiani, hapa Tanga mjini, alasiri na samaki wa kufuturu. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka ukumbini, kanga ameishika kwa vidole viwili, ameivuta mbele isimguse ubavu wa kushoto.

"Shikamoo Mama. Vipi tena?"

"Marahaba mwanangu. Ubavu unaniwaka. Kama nimemwagikiwa uji wa moto, na ukitazama hamna kitu."

Nikatazama. Kweli hamkuwa na kitu. Ngozi ya mwanamke wa miaka 67, kavu kidogo, safi. Lakini nilipoigusa kwa ncha ya kidole, aliruka.

Usiku ule hakulala. Asubuhi tukaenda zahanati ya jirani, wakasema ni tumbo, mfungo umemzidi, wakampa dawa ya asidi. Siku ya tatu, wakati namsaidia kuoga, ndipo nilipoyaona malengelenge. Yalianzia pembeni ya uti wa mgongo, vishada vidogo vidogo vyenye maji maangavu juu ya ngozi iliyoiva wekundu, yakazunguka ubavu, yakapita chini ya titi la kushoto, yakafika katikati ya kifua yakakoma. Yalikoma kama yamekatwa kwa rula. Upande wa kulia hapakuwa hata na kipele kimoja. Nilibaki nimeshika kata ya maji, naangalia ule mstari ambao hakuna mtu aliyeuchora.

Jirani yetu alipoona, hakuuliza mara mbili. "Huo ni mkanda wa jeshi. Ombeni Mungu usikutane. Ukizunguka mwili ukakutana, hapo tena hamna mtu."

Neno hilo Mama alilisikia. Na siku iliyofuata akasikia baya zaidi.

Tulikwenda kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja. Benchi limejaa, kina mama na watoto wa kliniki, wazee, vijana wawili wa bodaboda. Mhudumu aliyekuwa anapanga watu alimfunua Mama kanga, akachungulia, akapaza sauti kwa mwenzake wa chumba cha pili: "Huyu ana mkanda, aanze kupimwa kwanza!"

Benchi zima lilijua maana ya kupimwa. Mama alijitanda kanga mpaka usoni, akainuka, akatoka nje bila kuniangalia. Nilimkuta kwenye bajaji ameshapanda. "Mimi nimemzika mume wangu mwaka 2004," aliniambia, "sijamjua mwanamume mwingine. Leo uzeeni ndiyo niulizwe mbele ya watu nimeutoa wapi?"

Hakukubali kurudi kwa daktari yeyote siku ile, wala kesho yake, wala keshokutwa. Tulibaki nyumbani na maji ya mwarobaini, na kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, ambalo shangazi alilileta kwa nia njema. Siku tatu.

Nisieleweke vibaya. Ushauri wa kupima ulikuwa sahihi. Miaka ya 1980 na 1990, ukimwi ulipokuwa unatumaliza, madaktari wa Afrika Mashariki na Kati waliona kwamba kijana akitokwa na mkanda wa jeshi, mara nyingi kinga yake ilikuwa imeshaanza kuliwa na VVU. Hata leo mkanda umo katika dalili za hatua ya 2 ya VVU kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa apime ni kumtendea haki. Kumtangaza kwenye foleni ni jambo lingine kabisa. Na hata kama Mama angekutwa na VVU, lile tangazo lisingekuwa halali hata kidogo. Baadaye alipima, hakuwa navyo, ila sikuwaambia wale waliokuwa wananong'ona, maana sikutaka majibu yale yawe ndiyo sababu ya kumheshimu.

Minong'ono yenyewe ilikuwa na swali moja tu. Liliulizwa na wifi, likaulizwa na muuza maziwa, likaulizwa na shangazi kwa sauti ya chini jikoni: ameupata kwa nani? Nami nilikuwa nalo kichwani, sitaficha. Nilianza kuhesabu wageni, nguo za mitumba, ile safari ya Pangani ya mwezi uliopita.

Siku ya nne tangu malengelenge yatoke, kaka yangu alimbembeleza, tukampeleka kwa daktari mmoja kijana, mtu mpole. Alimwamkia, akafunga mlango, akavuta pazia, ndipo akamwomba afunue ubavu. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Bibi, ulipokuwa mdogo uliwahi kuugua tetekuwanga?"

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Nitaisahau vipi? Ilikuwa usiku wa Uhuru." Akasimulia. Pangani, Desemba 1961, yeye msichana wa miaka tisa, mwili mzima vipele, amelazwa chumbani juu ya majani ya mwarobaini, amekatazwa kutoka. Watu wote wamekwenda kwenye ngoma. Yeye anasikia vigelegele kupitia dirishani, analia, anajikuna.

"Basi umeupata usiku ule, bibi," daktari akasema. "Huu hujapewa na mtu mwaka huu. Ulikuwa nao."

Akageuza fomu ya maabara, akachora nyuma yake uti wa mgongo, na pembeni yake vifundo vidogo vidogo kama shanga, kila kimoja kikitoa uzi kwenda upande mmoja wa mwili. Tetekuwanga na mkanda wa jeshi, alieleza, ni kirusi kimoja. Mtoto anapougua tetekuwanga, kinga yake huvishinda virusi kwenye ngozi na damu, vipele vinakauka, tunasema amepona. Lakini vingine vinakuwa vimeshaingia kwenye mishipa ya fahamu na kufika kwenye vile vifundo, na huko hubaki. Havijizalishi, havimdhuru mtu, na kinga ya mwili haina cha kukamata, kwa sababu kinachobaki ni vinasaba tu, vimejikunja duara ndani ya kiini cha seli. Na seli za mishipa ya fahamu hazibadilishwi kama za ngozi. Unazaliwa nazo, unazikwa nazo. Hakuna mahali salama pa kujificha kama hapo.

Umri ukisogea, au kinga ikipungua kwa maradhi au dawa kali, virusi vya kifundo kimojawapo huamka. Hushuka kwa uzi uleule mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana maumivu hutangulia vipele kwa siku kadhaa: mshipa unaungua kabla ngozi haijaonyesha. Ndiyo maana pia mstari unakoma katikati ya kifua, kwa kuwa kila mshipa una upande wake. Wapo wachache, hasa wenye kinga dhaifu, ambao vipele husambaa mwili mzima, na hao hukimbizwa hospitali. Ila ile habari ya mkanda kukutana nyuma na mbele ukaua haina msingi.

Mama alikuwa anaiangalia ile fomu. Akasema kwa sauti ya kujisemea, "Kumbe moto wa makumbi."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi ya kweli zaidi ya hayo. Aliyewahi kufukia makumbi ya nazi jikoni anajua: jivu limepoa juu, unaweza kuweka mkono, chini moto upo. Njoo kesho, pepea kidogo.

Nilipiga hesabu njiani tukirudi. Kuanzia Desemba 1961 hadi Mei 2019 ni miaka 57 na miezi kadhaa. Tanganyika ikawa Tanzania, likatangazwa Azimio la Arusha, ikapiganwa vita ya Kagera, mkonge ukaanguka bei mashamba yakageuka vichaka, Mama akaolewa, akazaa sita, akazika mmoja na baba yao. Muda wote huo vile virusi vya Pangani vilikuwa pembeni ya uti wake wa mgongo, kimya.

Hapa ndipo nilipokumbuka kuku wangu.

Mimi nafuga Pongwe. Mwaka 2016 niliingiza vifaranga 300 wa mayai, kundi langu la kwanza kubwa. Nilivinunua kwa wakala aliyenipa bei nafuu, na sikuuliza kwa nini ni nafuu. Vilikua vizuri. Wiki ya kumi nikaanza kuona mmoja anachechemea, kesho watatu, wiki iliyofuata kumi na kitu wamelala chini mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kama mtu aliyekwama akiruka mtaro. Wanataka kula, macho yanakuona, miguu haiendi. Nilifikiri kideri, nikawapa dawa. Nikafikiri upungufu wa vitamini, nikanunua vitamini. Walikufa taratibu, hiyo ndiyo iliyoniumiza, walikufa mmojammoja kwa miezi mitatu, nikabaki na 168.

Mtaalamu wa mifugo aliyesomea chuo cha mifugo cha Buhuri alikuja akapasua mmoja mbele yangu, juu ya gunia la pumba. Ini lilikuwa limevimba mara mbili, lina mabaka meupe. Kisha akachana msuli wa paja, akanionyesha mshipa wa fahamu wa mguu. Wa kushoto ulikuwa mweupe, mwembamba, unang'aa kama uzi wa kushonea. Wa kulia ulikuwa mnene mara tatu, wa manjano, umefifia kama uliolowa maji. "Hii ni mahepe," alisema. "Hivi ni virusi. Vinaingia kwa vumbi, kuku anavivuta kwa pumzi. Vinakaa kwenye seli za kinga, vinazigeuza uvimbe wa saratani, na uvimbe huo ndio huu unaoona kwenye ini na kwenye mshipa. Kuku akishaambukizwa ndiyo basi, anakuwa navyo maisha yake yote, hata asipoonyesha dalili. Anavitoa kwenye magamba ya manyoya."

Daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1907 baada ya kuona majogoo manne yamepooza. Ilichukua miaka sitini kumjua kirusi mwenyewe, na alipojulikana, chanjo ilipatikana haraka, ikawa ya kwanza duniani kuzuia saratani kwa kiumbe yeyote. Kifaranga huchomwa siku ya kwanza, hukohuko anakoanguliwa. Wale wangu wa bei nafuu hawakuchomwa. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya bei.

Nikajifunza nusu tu ya somo. Nikanunua kundi jipya, limechanjwa, na risiti ninayo, nikaliingiza kwenye banda lilelile baada ya siku nne, maranda ya zamani yamefagiwa juu juu. Nikapoteza tena, wachache safari hii. Nilikasirika, nikampigia simu mwenye vifaranga nikamwambia amenipa ugonjwa. Hakuwa amenipa. Ugonjwa ulikuwa bandani kwangu, kwenye vumbi lililonata kwenye wavu na juu ya mbao za paa, maana virusi hivyo hukaa miezi na miezi katika magamba ya manyoya. Na chanjo huhitaji siku kadhaa kabla haijamkinga kifaranga. Kitu kingine nilichokuwa sikijui ni kwamba hata kuku aliyechanjwa anaweza kuambukizwa na kuvisambaza virusi. Chanjo inamzuia asipate uvimbe, haivizuii visiingie. Siku hizi natoa maranda yote, naosha mpaka paa, naacha banda tupu wiki tatu, na vifaranga siwaweki karibu na kuku wakubwa hata wakionekana wazima namna gani.

Nilimpigia yule mtaalamu kumweleza habari ya Mama. Alisema ni ukoo mmoja. Virusi vya hepesi, na jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la kutambaa. Binadamu tunavyo aina tisa, na kwa wanyama vimeshajulikana zaidi ya mia: ng'ombe, farasi, tembo, kasa wa baharini, mpaka chaza wana vya jamaa yao. Vimezoea wenyeji wake kwa muda mrefu mno. Vyote vina tabia hiyohiyo ya kuingia mara moja na kubaki, vinatofautiana chumba tu. Cha tetekuwanga hukaa kwenye mishipa ya fahamu, cha mahepe kwenye seli za kinga. Kingine cha binadamu, ambacho zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, hukaa kwenye seli zinazotengeneza silaha za kinga, na wengi huishi nacho bila kujua. Kwa watoto wachache wa ukanda wetu wa malaria, hichohicho huchangia saratani ya taya ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Watafiti Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi hicho mwaka 1964 katika uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichokipata. Aliyenigusa zaidi ni daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, Edgar Hope-Simpson. Alikuwa anaandika kila mgonjwa wa tetekuwanga na kila wa mkanda kwa miaka 16, akaenda pia kisiwa cha Yell huko kaskazini mwa Uskoti, mahali ambapo watu ni wachache na kila mmoja anajua nani kamtembelea nani. Na yeye alikuwa anauliza swali lilelile la Ngamiani: umeupata kwa nani? Wa tetekuwanga walikuwa na jibu. Wa mkanda hawakuwa nalo. Walitokea tu, bila mgeni, bila msimu. Mwaka 1965 akaandika kwamba mkanda hautoki kwa mtu mwingine, unatoka ndani ya mgonjwa mwenyewe, kwenye tetekuwanga yake ya utotoni. Ningependa yule mhudumu wa foleni asome ukurasa ule mmoja.

Mama alipewa asaiklovia, vidonge mara tano kwa siku, siku saba. Daktari hakumficha: dawa ile hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze, maana inakamata virusi vinapojizalisha. Vilivyolala haivigusi, hakuna dawa inayovigusa. Sisi tulikuwa tumeshapita saa hizo. Siwezi kuapa kwamba zile siku tatu za aibu ndizo zilizomletea maumivu ya baadaye, kwa umri wake huenda yangekuja vyovyote. Lakini siku hizo nitazikumbuka.

Vipele vilikauka ndani ya wiki tatu. Maumivu hayakuondoka. Mshipa ukishaungua unaweza kuendelea kupiga kelele miezi, hata miaka, na Mama ni mmoja wa hao. Alipewa amitriptilini kidogo usiku, ikamsaidia kulala. Upepo wa kusi ukivuma akiwa barazani, huingia ndani. Tulimshonea dera pana la pamba laini, tukakata mshono wa upande wa kushoto tukautia mbali.

Sasa kosa langu jingine. Baada ya kuambiwa mkanda hauambukizwi mtu akapata mkanda, niliishika nusu hiyo nikaisahau nyingine, kama kwa kuku. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa analala naye kitanda kimoja. Kumi la tatu la mfungo mtoto akaamka na homa, jioni vipele, tumboni kwanza, kisha usoni, kisha hata kwenye ngozi ya kichwa. Tetekuwanga. Maji ya yale malengelenge ya bibi yake yalikuwa na virusi hai, na mtoto alikuwa hajawahi kukutana navyo. Siku 15, katikati kabisa ya zile 10 hadi 21 ambazo huchukua. Idi ilimkuta na magamba, amevaa gauni jipya, ananuna kwa sababu hakupelekwa popote.

Kilichonitia hofu ni wifi yangu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na ni yeye aliyekuwa akimfulia Mama nguo. Tetekuwanga kwa mjamzito ambaye hajawahi kuiugua si mchezo, inaweza kumshambulia mapafu. Tulikaa usiku tukimpigia simu mama yake Handeni kumuuliza. Simu haishiki. Iliposhika, mama mtu akajibu kwa utulivu, "Si mwangalie kovu juu ya nyusi ya kulia? Alilikuna mwenyewe akiwa darasa la pili." Lipo, dogo, la duara kama tundu la punje ya mtama. Nimemfahamu miaka sita, sikuwahi kuliona. Nililibusu.

Kadi ya kliniki ya yule mtoto niliifungua siku ile nikaipitia mstari kwa mstari. Kifua kikuu, polio, surua, kuharisha, vyote amechanjwa. Tetekuwanga haimo. Chanjo yake ipo duniani tangu Mjapani Michiaki Takahashi alipoitengeneza mwaka 1974, baada ya mwanawe mwenyewe kuugua vibaya. Niliwaza vifaranga wangu wanaochomwa ya kwao siku ya kwanza ya maisha, sikuona raha.

Kuna kijana wa Kimasai anayelinda nyumba ya jirani yangu Pongwe, kwao ni Simanjiro. Nilikuwa namsimulia haya wakati ananisaidia kubeba maranda, akasema kwao hayo ni maarifa ya wazee. Nyumbu wakizaa, ng'ombe wanahamishwa. Majani mazuri kabisa ya tambarare wanaachiwa nyumbu, ng'ombe wanapandishwa kwenye malisho makavu, maana ng'ombe akila alipopita ndama wa nyumbu, anatokwa na makamasi mazito, macho yanakuwa meupe, anakufa. Ndama wa nyumbu mwenyewe anacheza tu. Nikaja kusoma kwamba Walter Plowright, yuleyule aliyetengeneza chanjo iliyokuja kuimaliza sotoka, ile tauni ya ng'ombe, alikipata kirusi hicho kwa nyumbu mwaka 1960 huko Kenya. Nacho ni hepesi. Kwa nyumbu ni amani ya miaka na miaka, kwa ng'ombe ni mauti, na ng'ombe mgonjwa hata hamwambukizi mwenzake. Wamasai walikuwa hawahitaji darubini kulijua hilo, walihitaji macho na kumbukumbu. Yule kijana hakumlaumu nyumbu. Alisema tu, "Yeye ndivyo alivyo. Sisi ndio tunaohama."

Mimi mwenyewe ninacho changu. Tangu utotoni nikipata homa, au nikishinda juani sana, mdomo wa chini hutekenya upande uleule wa kulia, kesho yake malengelenge. Kwetu husemwa homa inatokea mdomoni, na nilikuwa nafurahi, naona ndiyo napona. Kumbe nacho ni hepesi, kinakaa kwenye kifundo cha mshipa wa uso. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu bilioni 3.7 walio chini ya miaka 50 walikuwa nacho. Wengi tulikipata utotoni kwa busu la shangazi au la bibi, kwa mapenzi matupu. Ila kwa mtoto mchanga wa wiki za mwanzo kinaweza kufika kwenye ubongo na ini.

Wifi alijifungua Septemba, mtoto wa kiume. Nilikwenda siku ya saba na kilemba cha bibi na mzigo wa machungwa ya Muheza, na mdomo umeanza kutekenya ndani ya daladala. Nilipopewa mtoto nilimshika mbali na uso, sikumbusu. Chumba kikanyamaza. Shangazi akauliza kama nina kinyongo na wifi yangu. Nikawaonyesha mdomo, nikaeleza. Shangazi akasema, "Na hiyo umeipata kwa nani?"

Mama ndiye aliyejibu kutoka kitandani. "Kwangu, bila shaka. Nani mwingine alikuwa anambusu?"

Mwaka jana, jioni moja, mama mmoja wa Barabara ya 14 alikuja kwa Mama kwa siri, amejifunika ushungi mpaka kwenye pua. Aliufunua. Malengelenge yalikuwa upande mmoja wa kipaji, yameshuka hadi kwenye kope, na lengelenge moja kwenye ncha ya pua. Alikuwa analia, si kwa maumivu peke yake. Mume wake alikuwa ameshamuuliza lile swali.

Mama alimkalisha kwenye mkeka. Hakumuuliza hilo. "Utotoni uliugua tetekuwanga?"

Yule mama akakubali kwa kichwa.

"Yametoka lini?"

"Jana asubuhi."

Mama akaniangalia. Tulikuwa tumeshafundishwa sote wawili kwamba ukikaribia jicho, hasa ukifika puani, mtu hangoji kupambazuke. Akainuka, mkono mmoja umeishika nguo mbali na ubavu, mwingine unatafuta baibui nyuma ya mlango.

"Ita bajaji," akaniambia. "Mimi nitakaa naye kwenye foleni."